Karo ya Pili: Kusomea Trela na Kumchagua Mwajiri wa Kwanza

Mhadhara uliotolewa kwa wakazi na vijana wa Kahawa Sukari



Aliyenialika aliniletea swali limeandikwa kwa kalamu nyuma ya risiti ya duka: "Kusomea trela ni pesa ngapi?" Nitalijibu. Ila mjue mapema kwamba swali hilo linauliza nusu ya bei tu. Dereva wa gari kubwa hulipa karo mara mbili. Ya kwanza huilipa shuleni, akapewa risiti. Ya pili humlipa mwajiri wake wa kwanza, na hiyo haina risiti. Hukatwa kwenye mshahara, kwenye usingizi, kwenye uti wa mgongo, na zaidi kwenye tabia, kwa sababu mkono uliofundishwa vibaya mwaka wa kwanza hukaa hivyo miaka ishirini. Nimewaona vijana wakibembeleza wapunguziwe elfu mbili kwenye karo ya kwanza, kisha wakatia sahihi ya karo ya pili bila hata kuuliza ni kiasi gani.

Mimi nilianza utingo mwaka 1989, utanboi kama tunavyouita barabarani. Nililala juu ya magunia, nikabadilisha tairi usiku wa manane Mtito Andei, nikamchemshia dereva chai kwenye stovu chini ya trela. Mwaka 1994 nilipewa lori langu la kwanza. Nilishuka usukani 2016, na tangu hapo nimesimamia madereva kwenye yadi. Nimeomba kazi hii, na nimewapa watu kazi hii, kwa hiyo meza ya mahojiano naijua kutoka pande zote mbili.

Siku nilipokabidhiwa lile lori la kwanza, nilikuta kwenye mfuko wa mlango daftari la shule la kurasa 32, lenye madoa ya grisi. Lilikuwa la dereva aliyenitangulia. Nitarudi kwenye daftari hilo.

Mahali petu hapa panafaa kwa mazungumzo haya. Simama kwenye kivuko cha juu karibu na lango la Chuo Kikuu cha Kenyatta, saa kumi na moja alfajiri, uangalie chini. Utaona matipa yakitoka kwenye machimbo ya Juja na Ndarugo na mawe ya kujengea Nairobi. Utaona malori ya viwanda vya Thika, na matrela yanayopanda kuelekea Isiolo na Moyale mpaka Ethiopia. Mengine yakifika Ruiru hukata kwa Eastern Bypass, yakapita Kamakis na kutokea Mombasa Road bila kuingia mjini. Tangu barabara kuu ya Thika ifunguliwe 2012, kazi hii inapita mlangoni petu mchana na usiku. Lakini mzazi wa hapa akitaja masomo, macho yake huenda kwenye lango la chuo. Pesa ya shahada hufanyiwa harambee, ikawekewa kamati na mweka hazina. Pesa ya udereva hutolewa mfukoni kwa haraka, kijana akishaonekana "vitabu vimemshinda". Na kwa kuwa ilitoka bila kamati, hupotea bila kamati.

Sasa tulijibu swali la risiti.

Wazee waliopo hapa wanaikumbuka BCE. Herufi hizo tatu zikigongwa kwenye kijitabu chako cha leseni, ulikuwa mtu. Siku hizi ngazi ni nyingi, na msimamizi wake ni NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Daraja B ni gari dogo, na huanzia umri wa miaka 18. C1 ni lori jepesi, Canter kwa mfano. C ni lori la kati. CE ni lori kubwa lenye trela, ndilo hilo mnaloliota. Kila ngazi ina umri wake wa chini, na inakutaka uwe umekaa kwa muda kwenye ngazi iliyo chini yake. Maana yake ni nyepesi: kijana wa miaka 19 anayeahidiwa CE baada ya wiki sita anauziwa hewa, au anauziwa karatasi ambayo siku ya ajali bima itaikana.

Watu wengi huiona ngazi hiyo kama usumbufu. Mimi naiona kama nafuu, hasa kwa mfuko. Inakuambia kwamba pesa yote haihitajiki leo. Unalipa B, unafanya kazi. Unalipa C1, unaendesha Canter ya mkate au ya vifaa vya ujenzi miaka yako. Ndipo ulipe C, kisha CE. Kwa hiyo usiuze ng'ombe ukiwa na B, wala usikope laki moja kwa ajili ya mlango ambao sheria haijakufungulia. Tena angalia vizuri: miaka ile ya katikati utaitumikia wapi? Kwa mwajiri. Mwenye Canter atakayekupa usukani ukiwa na C1 ndiye atakayekufikisha CE. Hata kwa sheria, yeye ni sehemu ya shule yako.

Turudi kwa shule yenyewe. Ukifika ofisini, usianze na karo ni ngapi. Anza na saa ngapi za usukani. Tuseme shule moja inataka shilingi 24,000, na ukiondoa muda wa kukaa nyuma ukiwatazama wenzako, wewe mwenyewe utashika usukani saa 8. Hiyo ni shilingi 3,000 kwa saa. Jirani yake anataka 30,000 na anakupa saa 15. Hiyo ni 2,000 kwa saa. Aliyeonekana ghali ndiye rahisi. Kisha uliza: gari la mafunzo ni lipi, na liko wapi sasa hivi? Nimeona shule inayofundisha lori kwa lori lisilowahi kubeba hata gunia moja. Gari tupu na gari lenye tani 28 ni wanyama wawili tofauti. Tupu husimama ulipokusudia. Lenye mzigo husimama linapotaka lenyewe, mpaka ulizoee.

Mnajua ule ubao wa mji mdogo, wenye barabara za kuchorwa, mizunguko, na kigari cha kuchezea unachokisukuma kwa kidole huku mkaguzi akiuliza nani apite kwanza. Ubao ni mzuri, usiudharau. Wengi huanguka pale pale. Lakini kidole hakijui breki ya upepo. Kidole hakijui kwamba trela ukilirudisha nyuma hukugeukia kinyume: unazungusha usukani kushoto, mkia wa trela unakwenda kulia. Siku yangu ya kwanza kulijaribu jambo hilo ilikuwa yadini Changamwe. Dereva wangu alishuka, akasimama kwenye kona ya ghala, akaniambia maneno mawili: "Polepole. Kidogo." Nikazungusha usukani kama wa Peugeot. Trela likakunja kama kiwiko, kichwa kikatazamana na kontena. Nikasogea mbele, nikaanza upya. Mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili niliacha kutazama usukani, nikatazama tairi la mwisho la trela kwenye kioo, nikawa nalifuata hilo tu. Likaingia. Dereva akarudi, akapanda, akasema, "Sasa umeanza," kisha akaomba chai.

Masomo ya aina hiyo yanataka muda wa mtu mwingine na gari la mtu mwingine. Ndiyo maana ni ghali, na ndiyo maana shule nyingi hazina.

Pesa itoke wapi? Nitataja njia chache. Hustler Fund ya serikali, iliyoanzishwa 2022, mkopo wake wa mtu binafsi hulipwa ndani ya siku 14. Siku 14 hazimalizi hata mafunzo ya daraja B, kwa hiyo huo ni wa kuzungusha biashara, usiuchukue kwa karo. Mikopo ya simu ndiyo kabisa usiiguse. Sacco ni njia ya watu wenye subira: tuseme unakopa 30,000 kwa riba ya asilimia moja ya salio kila mwezi, ukalipa kwa miezi 12, riba yote itakuwa kama 1,950. Chama cha mama yako kinaweza kukufanyia nafuu kuliko hiyo. Kuna pia NYS hapo Ruaraka na KIHBT, vyuo vya serikali ambako vijana husomea magari na mitambo. Na ada za serikali zenyewe, za leseni ya muda na za kuhifadhi nafasi ya mtihani, hulipwa kwa akaunti yako ya eCitizen. Zilipe mwenyewe. Shule ikikutaka uweke kila kitu kwenye "kifurushi" kimoja, omba kwanza hesabu ya kila kitu kwa mstari wake.

Njia ya mwisho ndiyo inayotuvusha kwenda sehemu ya pili ya mazungumzo: mwajiri akusomeshe.

Marekani jambo hili ni la kawaida. Tangu Februari 2022 sheria ya huko inamtaka dereva mpya apitie mafunzo kwa mkufunzi aliyesajiliwa kabla ya mtihani, na kampuni nyingi kubwa hulipa mafunzo hayo. Ndugu zetu waliokwenda huko wanajua kipengele kinachofuata: umesomeshwa bure, lakini ukiondoka kabla ya muda mliokubaliana, unadaiwa. Hata hapa kwetu kipo, ila hapa ni cha mdomo. Mwenye lori anakuruhusu ushike usukani usiku barabara ikiwa nyeupe pale Emali, na kesho anakuambia, "Mimi nimekutoa mbali." Kuanzia hapo kila ukidai haki yako, unakumbushwa Emali.

Sisemi mkatae kusomeshwa. Nasema deni lenye heshima huandikwa: ni shilingi ngapi, ni miezi mingapi, na kila mwezi ukipita linapungua kwa kiasi gani. Tena mwajiri huyo muulize kuhusu tozo ya NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani. Kila mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, pesa ya mafunzo ya viwandani, na akiwasomesha watu wake kwa utaratibu uliokubaliwa anaweza kudai sehemu ya gharama. Utaona usoni mwake kama ni mtu wa kusomesha watu au ni mtu wa kufunga watu.

Sasa tufike mlangoni kwa mwajiri. Siku mkiitwa yadini kujaribiwa, mtatazamwa. Mimi huwatazama vijana kabla hawajapanda. Anayezunguka gari, akagonga kila tairi kwa chuma na kusikiliza mlio, akainama kuangalia mabomba ya upepo, huyo tayari nimempa nusu ya alama. Lakini na nyinyi tazameni. Tairi likiwa kipara, hilo lori ni barua ya mwajiri kwenu. Isomeni.

Kisha ulizeni mambo manne.

La kwanza, mkataba uko wapi? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na kuuandaa ni kazi ya mwajiri. Majaribio yasizidi miezi sita, na kuyaongeza kunataka kibali chako. Likizo ni siku 21 kwa mwaka. Leseni yako halisi na kitambulisho vibaki mfukoni mwako. Anayetaka kukushikia leseni "kwa usalama" anajishikia wewe.

La pili, mshahara ni upi ukiondoa mileji? Mileji, kwa wasioijua, ni pesa ya safari. Zamani wapagazi wa misafara ya kwenda bara walipewa posho, chakula cha njiani, na neno hilo limebaki mpaka leo. Posho haikuwa ujira wa mpagazi, na mileji isiwe mshahara wako, kwa sababu gari likikaa gereji wiki tatu, mileji nayo inakaa gereji. Amri ya serikali ya mishahara ina mstari wake wa dereva wa gari kubwa la biashara, tena ina safu tofauti: majiji kama Nairobi na Mombasa yana yake, halafu ipo ya miji iliyokuwa manispaa pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru. Sisi hapa Kahawa Sukari tuko upande wa Ruiru. Ng'ambo ya pili, Kahawa West, ni Nairobi. Jueni yadi iko safu gani kabla ya kukubali kiasi.

La tatu, safari ni ya saa ngapi? Sheria ya Trafiki inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Tufanye hesabu hapa hapa. Mombasa mpaka Nairobi ni kama kilomita 480. Lori lenye mzigo, ukihesabu milima, mizani ya Mariakani na ya Athi River, likienda wastani wa kilomita 50 kwa saa limejitahidi. Hiyo ni zaidi ya saa tisa na nusu. Mwajiri anayekwambia upakie Mombasa asubuhi na ushushe Nairobi usiku huo, dereva mmoja, ameshavunja sheria kabla hujawasha gari. Na atakayekutwa amelala kwenye usukani hatakuwa yeye.

La nne ndilo zito: kitu kikiharibika, nani analipa? Tairi likipasuka, taa ikiibwa Mlolongo, mifuko mitatu ikipungua Malaba? Sheria inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa ulilolifanya makusudi, na makato yote kwa jumla yasipite theluthi mbili ya mshahara. Tairi lililochakaa kupasuka kwa jua la Voi si makusudi ya mtu. Lakini zipo yadi ambazo kila kitu ni cha dereva isipokuwa faida.

Na hapo ndipo tabia huzaliwa. Dereva anayekatwa hivyo, akipewa na mafuta ya kupima, atatafuta pa kujifidia. Ataanza kunyonya mafuta na kuyauza kando ya barabara. Ili mafuta yaliyobaki yamfikishe, atateremka mlima akiwa ametoa gea, "free" kama tunavyosema. Mliopita Salgaa miaka ile kabla barabara haijagawanywa kwa ukuta wa zege mnajua mteremko ule ulivyokula watu. Lori lililotolewa gea linabaki na breki peke yake. Breki ikishikwa muda mrefu inapata moto, ikipata moto inalegea, na tani zilizo nyuma hazijui kulegea. Mlima unateremkwa kwa gea ile ile ambayo ungeupandia. Kila dereva anajua. Lakini aliyefundishwa na njaa husahau alichofundishwa na shule. Hiyo ndiyo karo ya pili ninayoisema, na wakati mwingine hulipwa na abiria wa matatu inayopanda upande wa pili.

Mtasema, mzee, kazi hazipatikani, utachaguaje? Naelewa. Treni ya mizigo ilipoanza kubeba kontena kutoka Mombasa mpaka Embakasi mwaka 2018, nimeona madereva wa miaka ishirini wakirudi nyumbani kulima. Anayetafuta hachagui. Basi kama huwezi kuuliza yote manne, uliza moja tu. Niliulizwa mimi yadini kwangu na kijana mmoja mwembamba, mwaka wa pili wa usimamizi wangu. Nilikuwa nimemaliza kumhoji, nikamwambia, "Una swali?" Akasema, "Dereva aliyekuwa na gari hili kabla yangu yuko wapi?"

Nilikaa kimya kidogo. Kisha nikampa namba ya simu. Akatoka nje, nikamwona dirishani akizunguka tairi la akiba huku akiongea. Akarudi baada ya dakika kumi, akasema, "Naanza lini?" Swali hilo moja linabeba yale manne. Dereva aliyetangulia atakwambia mshahara, saa, makato na mkataba bila kuulizwa mara mbili. Na yadi inayokataa kukupa namba yake imeshakujibu.

Nilisema nitarudi kwenye daftari. Mwaka ule wa 1994 nililifungua usiku wa kwanza nikisubiri kupakia. Kila ukurasa ulikuwa na safari moja. Juu, tarehe na mileji. Chini, neno "katwa", na orodha: tairi moja, kioo cha kulia, turubai, sukari mifuko miwili. Ukurasa wa mwisho alikuwa amejumlisha. Baada ya mwaka na nusu wa kazi, alikuwa anadaiwa yeye. Nikacheka. Nikasema, huyu alikuwa mzembe. Kurasa nyeupe zilikuwa zimebaki kumi na tatu, nikaona zisiharibike, nikaanza kuandika zangu.

Kufika mwezi wa saba, kurasa zangu na zake usingezitofautisha ila kwa mwandiko. Ndipo nilipojua kwamba aliyeniachia daftari alikuwa ameniachia jibu, nami nilikuwa nimelisoma kama kichekesho. Siku niliyorudisha ufunguo sikulichukua. Nilijumlisha chini ya jumla yake, nikalirudisha mfukoni mwa mlango.

Basi vijana wangu, siku mtakapokabidhiwa ufunguo wa kwanza, kabla ya kuwasha gari, ingizeni mkono kwenye mfuko wa mlango.